Imehengi

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza kompyuta iliyogoma, na kila neno lina maoni yake. Ukisema imekwama, unafikiria gari kwenye matope: nguvu bado ipo, linataka kusukumwa tu. Ukisema imeganda, unafikiria damu au maziwa, kitu kilichokuwa kikitiririka na sasa hakirudi tena kilivyokuwa. Vijana wa hapa Voi tunasema imehengi, neno la kuokota kwa Kiingereza, na hilo halikuelezi chochote. Linaning'inia tu. Wazee wanaokuja saiba wao husema imelala. Mimi naungana na wazee, na nitaeleza kwa nini.

Nakaa Mraru. Asubuhi nashuka Voi, na siku ambazo hakuna makala ya kuandika nasaidia kwenye saiba moja ya mjini. Chuo niliachia mwaka wa pili, kozi ilikuwa ya kompyuta, karo ndiyo ilikuwa shida, basi tusikae sana hapo. Ninachotaka kusema ni kwamba swali ninaloulizwa zaidi saiba si la intaneti wala la pasiwadi. Ni hili: "Kijana, hebu kuja uone, hii kitu imekataa kufunga." Mama ameandika barua ya kuomba basari kwa nusu saa, amebonyeza ule msalaba mwekundu mara kumi na tano, dirisha limepauka kama limepakwa chokaa, na dakika zinahesabiwa. Nikisema naweza kuifunga kwa nguvu, kabla sijagusa kibodi linakuja swali la pili: "Na kazi yangu je?"

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya nitafute historia ya jambo hili. Kwa sababu ukiangalia vizuri, uwezo wa mtu wa kawaida kuifunga programu iliyogoma haukuwapo tangu mwanzo. Ulikuja pole pole, na sehemu moja yake ilikuja kwa bahati tu.

Mwanzoni hakukuwa na programu ya kukataa kufunga kwa maana tunayoijua. Mashine za miaka ya hamsini zilifanya kazi moja kwa wakati mmoja. Unaleta kadi zako zilizotobolewa, fundi anaziingiza, unaondoka, unarudi kesho. Programu ikizunguka bila kumaliza, fundi anaangalia taa, anaangalia saa ya ukutani, anaamua kwamba hii imezidi, anaikatiza. Akili ya kuamua ilikuwa ya mtu. Na ilikuwa lazima iwe ya mtu, kwa sababu mwaka 1936, kabla hata mashine zenyewe hazijajengwa, Mwingereza Alan Turing alikuwa amethibitisha kwa hesabu kwamba haiwezekani kuandika programu moja itakayoweza kutazama programu nyingine yoyote ile na kusema bila kukosea kama itamaliza au itazunguka milele. Yaani si kwamba mafundi ni wavivu. Haiwezekani. Kila mara kompyuta inapokuambia programu fulani haijibu, inakisia.

Afrika Mashariki tuna kisa chetu cha enzi hizo, na sijui kwa nini hatufundishwi shuleni. Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ilienda vibaya, pesa za kigeni zikaliwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nchi nzima ikabonyeza kitufe. Marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya themanini ilipoanza kulegezwa. Wako wanaocheka wakisikia hivyo. Mimi sicheki sana. Walikuwa na mfumo usiojibu, unaokula kila kitu, na hawakuwa na njia ya kufunga kipande kimoja tu bila kuzima chote.

Kufunga kipande kimoja na kuacha vingine vikiendelea: hapo ndipo ugumu wote ulipo. Novemba 1961, pale chuo cha MIT Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo uliowaruhusu watu kadhaa kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Siri yake ilikuwa saa. Kila baada ya kipande kidogo cha muda, saa inaikatiza programu, itake isitake, na mashine inampa zamu mwingine. Programu haiulizwi kama imemaliza. Weka hilo akilini, kwa sababu miaka thelathini baadaye kampuni kubwa kabisa ya programu duniani iliwauzia watu mamilioni kitu kisichofanya hivyo.

Mara tu programu nyingi zilipoanza kuishi nyumba moja, zikaanza kuzozana. Mholanzi Edsger Dijkstra, katikati ya miaka ya sitini, aliandika juu ya kile alichokiita kumbatio la mauti. Sisi wa Voi hatuhitaji mchoro wa kitabu kulielewa, tuna reli. Njia ya zamani ya kutoka Mombasa ilifika hapa kabla ya 1898, na baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza wakatoa tawi la kuelekea Taveta. Ni njia moja. Treni mbili zikiingia sehemu moja zikitazamana, hata kama hazijagongana, hakuna itakayosonga: kila moja inasubiri njia ambayo mwenzake ameikalia. Ndiyo maana treni za njia moja hupishana stesheni. Ndani ya kompyuta hakuna stesheni kama hujaijenga. Programu ya kwanza imeshika faili na inasubiri printa, ya pili imeshika printa na inasubiri faili. Zote mbili ziko hai, zina adabu zao, zinasubiri. Wewe unayetazama kioo unasema imehengi.

Mwaka 1971 watafiti watatu, Coffman, Elphick na Shoshani, waliandika makala iliyoeleza kwamba kumbatio hilo linahitaji mambo manne yakutane: kitu kinachoshikwa na mmoja tu, mtu anayeshika kimoja huku akingoja kingine, mduara wa wanaongojana, na kwamba hakuna anayeweza kunyang'anywa alichoshika. Hilo la kunyang'anywa ndilo letu. Ukiifunga programu kwa nguvu, unalivunja sharti hilo kwa mabavu. Unamnyang'anya.

Kuna aina nyingine ya kusubiri ambayo wataalamu huiita njaa. Programu haijafungiwa mlango na mtu, foleni inasonga, lakini kila zamu yake ikikaribia anatokea mwenye cheo zaidi anapita mbele. Hakuna aliyemkatalia. Hapati tu. Kwa mfano wa hili sihitaji kutoka nyumbani. Miaka ya sabini akina mama wa Mraru waliokuwa wakitaka kwenda Voi sokoni na hospitalini walikuwa wakisimama barabarani, basi linafika limejaa, na nafasi ikipatikana wanaume ndio wanaopanda kwanza. Kila siku kuna basi, na kila siku mama anabaki. Kikundi cha Wanawake cha Mraru hakikusubiri adabu ya abiria ibadilike. Walichanga kidogo kidogo, wakanunua basi lao. Mwaka 1980 habari zao zilichapishwa New York kama kijitabu, Jill Kneerim ndiye aliyekiandika, na kilikuwa cha kwanza katika mfululizo wa vijitabu kuhusu miradi ya wanawake ya kujipatia kipato. Nimekutana na watu wa mbali wanaolijua jina la Mraru kwa sababu ya basi hilo, huku vijana wengi wa hapa hawajui lilikuwapo.

Basi la akina mama ni suluhisho la njaa kama lilivyo kwenye vitabu vya kompyuta: kama ratiba haikujali, tengeneza foleni yako.

Sasa turudi kwenye kidole chako juu ya kibodi. Ctrl, Alt na Del. Mhandisi wa IBM aitwaye David Bradley, akiwa mmoja wa kikundi kidogo kilichokuwa Boca Raton, Florida, kikijenga kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981, alichoka kuzima na kuwasha mashine kila programu ya majaribio ilipogoma. Kila ukiwasha, mashine inapima memori yake upya, na unakaa hapo unangoja. Akaandika njia ya mkato. Kwanza ilikuwa Ctrl, Alt na Esc, lakini vitufe hivyo vyote viko upande mmoja, mtu angeweza kuvigusa bila kukusudia, hivyo akachagua mchanganyiko unaohitaji mikono miwili. Haikukusudiwa wewe. Ilikuwa ya mafundi wenyewe, kama mlango wa nyuma wa jikoni, na ikatoka nje kwa sababu watu waliijua na wakaambiana. Wala haikuwa inafunga programu. Ilikuwa inaangusha nyumba yote.

Halafu ikaja Windows. Toleo la 3.0 lilitoka 1990, la 3.1 likafuata 1992, na ndizo zilizowafanya watu wengi wazoee kufungua madirisha kadhaa kwa pamoja. Lakini ndani yake hakukuwa na ile saa ya Corbató kwa programu zake za kawaida. Zilitegemea hiari. Kila programu ilitakiwa, baada ya kufanya kidogo, irudishe zamu yenyewe ili wengine wapumue. Ni kama kuwaachia abiria wenye viti waamue wenyewe ni lini watasimama wakupishe. Programu moja mbovu ikikataa kurudisha, mashine yote inasimama, hata mshale wa kipanya hauna maana tena. Apple nao walikuwa hivyo hivyo kwenye mashine za Macintosh, na hawakuachana kabisa na utaratibu huo hadi Mac OS X ya 2001. Kwa hiyo ukikutana na mtu mzima anayeogopa kufungua vitu viwili kwa wakati mmoja, usimcheke. Alijifunza kwenye mashine ambazo hofu hiyo ilikuwa busara.

Katika Windows 3.1, ukibonyeza vile vitufe vitatu ilitokea skrini ya bluu yenye maneno ya kukueleza kwamba programu haijibu na uchague la kufanya. Maneno hayo aliyaandika Steve Ballmer, aliyekuja kuwa mkuu wa Microsoft. Sijui nani leo angempa bosi kazi ya kuandika ujumbe wa kosa, lakini napenda kwamba kuna siku mtu wa cheo hicho alikaa akafikiria atamwambia nini mtu aliyekwama.

Nguvu halisi ilifika kwa awamu. Windows NT ya 1993 ilikuwa na saa ya kunyang'anya zamu, lakini ilikuwa ya ofisi kubwa. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliileta nyumbani, kwa programu mpya angalau, za zamani zikaendelea na tabia zao. Mwaka 1996 toleo la NT 4.0 likaja na kile kidirisha chenye orodha ya kila kinachoendelea ndani ya mashine na kitufe cha kukimaliza. Dave Plummer alikiandika kwanza nyumbani kwake, kama kitu cha kujisaidia. Ukiniuliza, hicho ndicho kidirisha cha haki zaidi katika kompyuta nzima. Kinakuonyesha nani anakula nini.

Lile dirisha linalopauka nalo lina habari yake. Tangu Windows XP ya 2001, programu ikikaa sekunde tano bila kuchukua ujumbe unaoingia, mfumo unaificha na kuweka mahali pake picha ya dirisha lilivyoonekana mara ya mwisho. Unachokibonyeza wewe kwa hasira ni kivuli. Programu yenyewe iko nyuma ya pazia, na huenda haijui kama umeiita. Na zile sekunde tano hazikutoka kwenye fomula yoyote. Turing alishatuambia hakuna fomula. Watu walikaa wakakubaliana kwamba binadamu akingoja tano ataanza kuona ameonewa.

Hapa ndipo nawaunga mkono wazee. Mashine nyingi tunazotumia huku zimetumika kwingine kwanza, zimekuja kwa kontena, na memori yake ni ndogo. Memori ikijaa, mfumo unaanza kuhamisha vitu kwenda diski na kuvirudisha, kwenda na kurudi, hadi muda wote unaishia kwenye kuhama na kazi yenyewe haifanyiki. Peter Denning alilieleza jambo hili tangu 1968. Kwa macho huwezi kulitofautisha na kifo. Lakini ukiangalia ile taa ndogo ya diski utaiona inameta bila kupumzika. Imelala, haijafa. Nimeona watu wengi wakiua barua ambayo ingerudi baada ya dakika mbili, na hata hivyo siwezi kuwalaumu, kwani dakika mbili saiba zina bei.

Sasa neno lenyewe, kuua. Wale wa Unix, mfumo uliozaliwa maabara za Bell mwishoni mwa miaka ya sitini kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, hawakuzunguka. Amri yao inaitwa hivyo hivyo, ua. Ila ukiituma bila kuongeza kitu inapeleka ishara namba 15, ambayo ni ombi: jiandae, hifadhi ulicho nacho, uondoke. Programu inaweza kuitikia au kupuuza. Ishara namba 9 si ombi. Programu haipewi hata nafasi ya kuisikia, mfumo unaiondoa tu, na chochote ambacho haikuwa imekiandika kwenye diski kinaondoka nayo. Kuna hata maiti: programu iliyokwisha kufa lakini jina lake bado liko kwenye orodha, kwa sababu programu iliyoizaa haijaja kuichukua mochari. Huwezi kuiua. Imeshakufa.

Kiswahili chetu kwenye menyu hakina ukali huo. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ikaja na zake za Kiswahili muda mfupi baadaye. Sisi kwa mazungumzo tunasema funga. Lakini funga ni neno lenye mizigo. Tunafunga mlango, tunafunga mbuzi, tunafunga mtu jela, tunafunga Ramadhani. "Programu imefungwa" inaweza kuwa na maana kwamba imeisha, au kwamba imefungwa kamba na haiwezi kutoka. Yule mama wa barua ya basari, dirisha lake lilikuwa limefungwa kwa maana ya pili, na alikuwa akiomba lifungwe kwa maana ya kwanza.

Na kazi yake? Jibu la kweli ni kwamba inategemea kama kuna nakala mahali pengine. Wakenya tulilijua hili kwa pamoja Machi 2013. Siku ya kupiga kura, tarehe 4, vifaa vya kuwatambua wapiga kura viligoma vituo vingi, na mfumo wa kutuma matokeo ya muda kwa simu ukasimama huku nchi ikitazama skrini za Bomas. Tume ikauacha mfumo ule, wasimamizi wa uchaguzi wakabeba fomu za karatasi hadi Nairobi, na mshindi akatangazwa tarehe 9. Kuna waliokubali na kuna ambao hadi leo hawajaridhika, na Mahakama ya Juu ilikwisha toa uamuzi wake. Mimi naangalia jambo moja tu: mfumo uliweza kuachwa njiani kwa sababu kila kituo kilikuwa kimejaza Fomu 34 kwa kalamu. Kama matokeo yangekuwa ndani ya mashine peke yake, kuifunga kungekuwa kufunga hesabu yenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniita saiba, sianzi na vile vitufe vitatu. Naangalia taa kwanza. Nauliza ulikuwa unafanya nini ilipolala, na nusu ya majibu ni "nilikuwa nahifadhi." Kama maandishi bado yanaonekana nyuma ya ule weupe nayapiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa ukiwezekana, kwani kuandika upya kwa kutazama ni kazi ya dakika kumi na kukumbuka ni kazi ya mchana mzima. Kisha nasubiri, na mteja namwambia hizo dakika ni zangu.

Kuna moja ambayo hata namba 9 haiiwezi. Ni programu iliyomwomba kifaa kitu na kifaa hakijajibu. Hapo mfumo wenyewe unakataa kuiua, kwa kuogopa kwamba kifaa kitakuja kujibu mtu asiyekuwepo. Unaweza kubonyeza hadi jioni. Na mara nyingi ukiinama kutazama chini ya meza, kuna flashi ya zamani imechomekwa, imetoka kwenye kompyuta ya shule, taa yake imezimika. Ichomoe. Kifaa kikiondoka, mfumo unaiambia programu kwamba jibu haliji, na lile dirisha ulilolipigania robo saa linafunga lenyewe.